PIMA KWANZA, CHEZA BAADAYE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mimi leo nina swali dogo kwa wahenga hao: je, na kibaba chenyewe kikiwa kimebonyezwa kitako?

Swali hili nililipata sokoni Oyugis katika likizo ya Aprili. Wanaotoka pande zetu wanajua Aprili ilivyo. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani, na yaliyo shambani bado ni majani tu. Nyanya yangu alinipa pesa alizopata kwa kuuza viazi vitamu kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, akaniambia, "Nyathina, nenda ulete gorogoro tatu za mahindi. Usikawie." Gorogoro tatu hututosha wiki nzima, kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa.

Basi nikafika kwa muuza nafaka mmoja. Kando yake palikuwa na kibanda cha kuuza nyimbo, na spika lake kubwa lilikuwa limeelekezwa kwa wapita njia. Mara benga ikawaka. Jamani, miguu yangu haikuomba ruhusa! Nikageuka kidogo, nikatingisha bega, nikapiga vidole. Nilipogeuka tena, mahindi yalikuwa tayari ndani ya mfuko na mama yule akinyoosha mkono apokee pesa. Nikalipa, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Nyumbani nyanya hakusema kitu. Alichukua mkebe wake mwenyewe akaanza kupima upya. Wa kwanza ukajaa. Wa pili ukajaa. Wa tatu ukaishia katikati na ushei.

"Ulikuwa macho wakipima?" akaniuliza.

"Nilikuwa macho, Dani."

"Haya, macho yalikuwepo. Na masikio yalikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Unga ule uliisha Alhamisi usiku. Ijumaa tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni, vile vile alivyokuwa ameviweka vya kuuza. Kwa hiyo nusu ya mkebe iliyopotea sokoni ilitunyima ugali wa siku moja na pia pesa za siku iliyofuata. Tangu hapo nikaamua kuchunguza mambo mawili: mkebe huu unaoitwa gorogoro, na muziki huu ulionifanya nisahau kuutazama.

Gorogoro ni kitu gani?

Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, baada ya mafuta kuisha. Hakuna kiwanda kilichokaa chini kikautengeneza uwe kipimo cha mahindi. Wananchi wenyewe waliuchagua kwa sababu unapatikana kila nyumba na ukubwa wake unafanana.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Pwani, tangu zamani, nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Hata leo Waislamu wengi huitaja pishi wanapotoa zaka ya fitiri baada ya Ramadhani. Kwa hiyo gorogoro ni mdogo wake pishi, ila yeye amezaliwa na mkebe wa mafuta.

Sasa sikiliza kwa makini. Gorogoro, kama pishi, hupima ujazo. Haipimi uzito. Mwalimu wetu wa fizikia alipotufundisha densiti nilidhani ni mambo ya mtihani tu, kumbe ni mambo ya sokoni. Ukijaza mkebe mmoja maharagwe na mwingine omena waliokaushwa, mikebe ni sawa lakini mizigo si sawa. Omena wameacha nafasi kubwa za hewa kati yao. Anayesema "gorogoro ni kilo mbili" anasema kwa mazoea tu. Itakuwa kilo ngapi inategemea ni kitu gani kilichomo, kimekauka kiasi gani, na kimejazwa namna gani.

Mahindi mabichi nayo yana ujanja wake. Punje yenye maji huwa imevimba. Ukiinunua leo, ukaianika juani siku mbili, utaona mkebe umeshuka. Hakuna aliyekuibia usiku. Ulinunua maji kwa bei ya mahindi.

Njia nne za kupunjwa

Nilizunguka sokoni siku kadhaa, nikijifanya nauliza bei tu. Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, kitako. Mkebe hugongwa chini mpaka kitako kinaingia ndani kama sahani iliyofunikwa. Ukiutazama kwa juu huoni kitu. Ni mpaka uuinue uchungulie chini.

Pili, kidole gumba. Muuzaji hushika mkebe kwa ndani badala ya kuushika kwa nje. Mahali pa kidole hicho palikuwa pa mahindi yako.

Tatu, kilele. Kuna gorogoro ya kilele, iliyojazwa mpaka ikafanya mlima kama ule wa Wire, na kuna gorogoro iliyofutwa kwa kiganja ikawa bapa. Zote huitwa gorogoro moja. Kabla hujauliza bei, uliza: ni ya kilele au ya kufuta?

Nne, mkono mwepesi. Nafaka ikimiminwa polepole bila kutikiswa hukaa kwa kulegea. Ukiutikisa mkebe kidogo, punje huketi vizuri na nafasi hupatikana juu. Ndiyo maana akina mama wanaojua soko husema "Tikisa kwanza," kisha humalizia na lile neno letu tamu, "Medna!" yaani niongezee. Mwenye haya ya kusema medna hula kidogo.

Lakini tusiwahukumu wauzaji haraka. Mmoja wao aliniambia, "Mwanangu, na mimi hupunjwa." Nikakumbuka kuwa wakati wa mavuno madalali huja mpaka nyumbani kununua mahindi, na mkebe wao huwa umepanuliwa ubavuni ukawa na tumbo. Hununua kwa mkebe wenye tumbo, na huko mbele mwingine huuza kwa mkebe wenye kitako kilichoingia. Magunia nayo hushonewa kofia juu, ile tunayoiita lumbesa, lakini bei ni ya gunia moja. Mkulima na mnunuzi, ambao mara nyingi ni nyanya yuleyule katika miezi tofauti, huumia kotekote.

Rahisi inaweza kuwa ghali

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Tuseme muuzaji wa kwanza anauza gorogoro kamili kwa shilingi 150. Wa pili anaita kwa sauti, "Mia moja na arobaini! Mia moja na arobaini!" Wote tunamkimbilia wa pili. Lakini kama mkebe wake umepungua kwa sehemu moja ya kumi, basi shilingi 140 zimenunua sehemu tisa tu. Gawanya 140 kwa 9, kisha zidisha kwa 10, utapata karibu shilingi 156. Yule wa bei rahisi ndiye ghali!

Hesabu hiyohiyo ifanye dukani. Sukari ya vipakiti, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, majani ya chai ya shilingi kumi: vyote hivi hutusaidia sisi wenye pesa kidogo, kwa kuwa huwezi kununua kilo ukiwa na shilingi ishirini. Hata hivyo ukijumlisha vipakiti mpaka vitimie kilo, mara nyingi utakuta umelipa zaidi ya mwenye kununua kilo kwa mara moja. Kama jirani watatu wanaaminiana, wachange, wanunue kubwa, wagawane.

Na muziki je?

Nilipokuwa nikilaumu masikio yangu, nikakutana na habari iliyonishangaza. Mwaka 1982 mtaalamu wa Marekani aitwaye Ronald Milliman alichapisha utafiti wake kuhusu muziki ndani ya supamaketi. Aligundua kuwa muziki wa polepole uliwafanya wanunuzi watembee polepole, na mauzo yakawa juu kwa asilimia 38.2 kuliko wakati wa muziki wa kasi. Mwaka 1986 akatoa utafiti mwingine wa mkahawani. Penye muziki wa polepole watu walikaa sana na kununua vinywaji zaidi. Penye muziki wa kasi walikula wakaondoka.

Sasa tazama Oyugis. Hoteli ndogo karibu na steji ina viti vichache na watu wengi wenye njaa. Saa ya chakula cha mchana hupigwa ohangla ya moto. Mwenyewe anaweza kusema anapenda tu, lakini kama Milliman alisema kweli, chapati humezwa haraka na kiti hupata mtu mwingine. Muuza mitumba naye hataki ukague mshono wa shati dakika kumi. Anataka uchangamke, uchague, ulipe. Muziki wa kasi humvutia mpita njia na humharakisha mnunuzi. Mimi ulinifanyia vyote viwili, na kibanda chenyewe hakikuwa hata cha yule mama!

Na kwa nini benga hasa? Kwa sababu benga imejengwa juu ya nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji hudonoa kwa vidole huku kidole gumba cha mguu kikiwa na pete ya chuma iitwayo oduong'o, inayogonga ubao wa ala. Njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Mtu mmoja ni bendi nzima. Vijana waliposhika gitaa walihamisha mdono huo wa nyatiti kwenye nyuzi za gitaa, wakaongeza besi inayorukaruka na ngoma. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati nchini Tanzania mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, aliieneza benga hiyo pamoja na Shirati Jazz. Santuri za mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo zilifika hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe watu wakauita muziki huo kwa jina lake, kanindo.

Santuri zile ndogo zilibeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Mara nyingi maneno hutangulia, kisha gitaa huachiwa zitambe zenyewe. Hapo penye gitaa ndipo miguu inapokosa adabu, na ndipo mimi nilipopoteza nusu gorogoro.

Mimi pia nilikuwa na mkebe uliobonyezwa

Wenzangu, nitaungama. Wiki ile ile niliyokuwa nikilalamika, nilikuwa na flashi yenye nyimbo zaidi ya mia mbili. Nilijaziwa kwa bei ya soda moja. Nyingine zilikatika katikati, nyingine ziliandikwa jina la mwimbaji asiye wake. Nilipomweleza nyanya, aliuliza swali moja tu: "Na aliyeimba alipata ngapi?"

Hakupata hata ndururu. Kumbe mimi, mpenda haki, nilikuwa nimempunja mpiga gitaa kuliko nilivyopunjwa mahindi. Mimi nilinyimwa nusu ya gorogoro moja katika tatu. Yeye nilimnyima zote. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kazi ya mwanamuziki ni mali kama viazi vya nyanya.

Tufanye nini?

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ipo Sheria ya Mizani na Vipimo. Masoko na biashara ya haki ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo tukiomba mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri iwekwe sokoni, hatuombi zawadi.

Lakini sheria haibebi mfuko wako. Likizo ya Agosti nilirudi sokoni na mkebe wa nyanya mkononi. Yule mama wa kwanza alikataa katakata: "Hapa tunapimia ya mwenye mali." Sikugombana naye. Nikasogea kwa jirani yake, aliyeutazama mkebe wangu, akaugeuza chini juu, akacheka. "Hii ni mzima. Lete." Akapima, akatikisa, nikasema medna, akaongeza konzi moja. Akina mama wawili waliokuwa nyuma yangu wakauliza kama wanaweza kuazima mkebe huo. Nikawaazima.

Spika la jirani lilikuwa bado linaunguruma. Safari hii nilisubiri mfuko ufungwe na chenji nihesabu. Kisha nikauweka mzigo chini kati ya miguu yangu miwili, nikacheza sehemu yote ya pili mpaka gitaa likanyamaza. Nyumbani nyanya akapima upya kama kawaida yake. Mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu, na konzi ikabaki juu.

Hakunisifu. Alisema tu, "Sasa masikio yamerudi nyumbani."

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza kigeuze ukitazame kitako.