Juu ya Kusomea Kiebrania Chuoni

Mtu asikiapo ya kuwa kijana fulani amekwenda chuo kikuu kusomea Kiebrania, hudhani ya kwamba atarudi akilijua Agano la Kale, basi. Sivyo. Katika masomo hayo, kama yafundishwavyo katika Chuo Kikuu cha Kiebrania kilichofunguliwa Yerusalemu mwaka 1925, Agano la Kale ni mlango wa nyumba, wala si nyumba yote. Ndani imo Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Yamo mashairi ya Yehuda Halevi wa Hispania. Hata hadithi za Agnon, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Lakini taabu ya kwanza ni irabu. Herufi za Kiebrania ni 22, nazo husomwa toka kuume kwenda kushoto. Vitabu vya kale viliandikwa pasipo alama za irabu. Alama tuzionazo sasa ziliwekwa na wanavyuoni wa Tiberia kati ya karne ya 7 na ya 10. Basi herufi tatu d, b, r (b hiyo baada ya irabu husomwa v) zaweza kuwa davar, yaani neno, au dever, yaani tauni. Wazee wa pwani waliozoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawatashangaa. Waijua barua iliyokosa irabu.

Mwenye Kiswahili anayo akiba yake, kwa kuwa maneno mengi tuliyoyapokea kwa Waarabu ni ndugu wa Kiebrania: roho ni ruah, nafsi ni nefesh, damu ni dam. Ila ndugu si mtu yule yule. Ruah ni upepo na pumzi pia, na nefesh ni hata koo la mtu. Tena lehem ni mkate, hali Waarabu wasemapo lahm hutaka nyama. Nimepata kusikia mahubiri marefu juu ya Bethlehemu kuwa "nyumba ya nyama", nayo yalijengwa vizuri sana, ila msingi wake ulikuwa Kiarabu.

Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa mapema kulitafuta shina la neno. Katika kamusi ya Brown, Driver na Briggs, iliyotoka mwaka 1906, maneno yamepangwa kwa mashina yake: miktav, yaani maandiko, huelezwa penye k-t-b, shina lile lile la kitabu chetu.