Mashapo na Uwezo wa Mkondo Kupitisha Mafuriko: Mto Msimbazi na Mto Ruvu katika Wilaya za Kisarawe na Kibaha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya mashapo, yaani mchanga na tope linalosafirishwa na maji, na uwezo wa mkondo kupitisha mafuriko. Mito miwili ya Mkoa wa Pwani inachunguzwa. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, Wilaya ya Kisarawe, na kupita katikati ya Jiji la Dar es Salaam hadi Bahari ya Hindi. Mto Ruvu hutoka milima ya Uluguru na kupita Mlandizi, Kibaha, ambako mtambo wa Ruvu Juu huchota maji ya matumizi ya Kibaha na Dar es Salaam. Mto wa kwanza umezidiwa na mashapo. Wa pili unajengewa bwawa litakaloyazuia. Hoja kuu ni kwamba mkondo hauwezi kudhibitiwa bila kujua kiasi cha mashapo kinachouingia na kinachoutoka.

2.0 Namna Mashapo Yanavyopunguza Uwezo wa Mkondo

Tuchukue mfano wa mkondo wenye upana wa mita 40 na kina cha mita 3. Mchanga ukijaa kwa kimo cha mita 1, eneo la kupitisha maji hupungua kutoka mita za mraba 120 hadi 80, yaani kwa theluthi moja. Hata hivyo, hasara halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa maji yenye kina kidogo huenda polepole. Kwa mujibu wa kanuni ya Manning, katika mkondo mpana usiobadilika mteremko wala ukwaruzo wa sakafu, kiasi cha maji kinachopita hufuata kina kwa kipeo cha 5/3. Hivyo basi, theluthi moja ya kina ikipotea, takribani nusu ya uwezo wa mkondo hupotea.

Kutokana na kanuni hiyo, kupanua mkondo pekee si tiba. Mkondo ukipanuliwa, maji ya kawaida hutandaa, kasi hupungua na mchanga hutua. Upana uliogharimiwa kwa fedha nyingi hugeuka kuwa mahali pa kulundikana mchanga.

3.0 Mto Msimbazi: Mashapo Yaliyozidi

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takribani watu 40 jijini Dar es Salaam, na baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo, eneo la Jangwani limefurika mara kwa mara, ikiwamo Aprili 2018. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaohusisha kuboresha mkondo na kujenga daraja jipya la Jangwani.

Hata hivyo, chanzo cha mchanga unaojaa Jangwani kiko juu ya Jangwani. Ukataji wa miti, uchomaji wa mkaa, mashamba na makazi katika vilima vya Pugu huacha udongo wazi, na kingo za mto zinazomomonyoka ndani ya jiji huongeza mzigo huo. Kwa hiyo, hatua tatu zinapaswa kwenda pamoja. Kwanza, kuhifadhi miteremko ya Kisarawe. Pili, kujenga mashimo ya kunasia mchanga sehemu zinazofikika kwa magari, na kuyazoa kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Tatu, kuwa na mkondo mwembamba wa maji ya kawaida ndani ya uwanda mpana wa mafuriko, ili kasi ya maji iendelee kusukuma mchanga. Aidha, uchimbaji holela wa mchanga hauwezi kuchukua nafasi ya uzoaji uliopangwa, kwani hudhoofisha kingo na misingi ya madaraja.

4.0 Mto Ruvu: Mashapo Yanayozuiliwa

Bwawa la Kidunda, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2023, limekusudiwa kuhifadhi takribani mita za ujazo milioni 190. Litausaidia mtambo wa Ruvu Juu wakati wa kiangazi, lakini litabadili tabia ya mto. Maji yanayotoka bwawani bila mchanga huchimba sakafu na kingo chini ya bwawa. Sakafu ikishuka, kina cha maji kwenye machoteo nacho hushuka. Kwa upande mwingine, Mto Ngerengere huendelea kuleta mashapo yake, ilhali mafuriko yaliyokuwa yakiyasukuma yatakuwa yamepunguzwa. Mto huohuo unaweza kuchimbika sehemu moja na kujaa sehemu nyingine. Vipimo vya sakafu ya mto hadi Mlandizi vinahitajika kabla bwawa halijajaa, kwani baada ya hapo hakutakuwa na msingi wa kulinganisha.

5.0 Hitimisho

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katazo hilo hulinda kingo, lakini haliufikii udongo wa miteremko iliyo mbali na mto. Mito yote miwili imo chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na hapo ndipo hesabu ya mashapo inapopaswa kutunzwa kila mwaka, sambamba na vipimo vya maji. Bila hesabu hiyo, Kisarawe itaendelea kupoteza udongo, na Jangwani italipia kuuzoa kila baada ya masika.