Kutambulika na Kuruhusiwa: Makosa ya Idhini katika Kalenda za Kompyuta

Katika kaya za Rabai, kama katika kaya nyingine za Wamijikenda, kupita langoni na kukata mti ni mambo mawili mbalimbali. Mgeni hupiga hodi, akajulikana ni nani, ndipo wazee wakamkaribisha. Lakini aliyekaribishwa kuingia hajapewa kwa sababu hiyo ruhusa ya kuugusa msitu. Utaratibu huu, uliosaidia kuihifadhi misitu ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, unatenganisha dhana mbili ambazo istilahi za kompyuta mara nyingi huzichanganya. Madhumuni ya makala haya ni kueleza mchanganyiko huo, hasara yake, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuuepuka.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa kamati ya soko huko Rabai. Hesabu ya jadi ya Wamijikenda ina juma la siku nne, mojawapo ikiitwa jumwa. Kwa hiyo, soko la kila jumwa haliangukii siku ileile ya juma la siku saba. Katibu ameziandika tarehe katika jedwali la kompyuta, na programu huzihamisha hadi kwenye kalenda ya pamoja ambayo wachuuzi huisoma katika simu zao. Siku moja tarehe hazihamishwi. Kiooni pameandikwa “Hakuna ruhusa”. Katibu anadhani hesabu ya siku nne ndiyo iliyokataliwa, naye analiandika upya jedwali zima. Hiyo ni kazi bure, kwani kanuni ya iCalendar ya mwaka 2009 inalikubali tukio linalorudi kila siku ya nne. Kasoro iko langoni, haiko katika hesabu.

Kwa mujibu wa kanuni ya OAuth 2.0 ya mwaka 2012, programu haihitaji kukabidhiwa neno la siri la mtumiaji. Hupewa tokeni, yaani hati yenye mipaka na, aghalabu, yenye muda maalumu. Seva inayotunza kalenda huuliza maswali mawili: huyu ni nani, na ameruhusiwa kufanya nini? Swali la kwanza likikosa jibu, kwa kuwa tokeni haipo au muda wake umekwisha, seva hurudisha nambari 401. Dawa yake ni kuingia upya na kupata tokeni nyingine.

Swali la kwanza likijibiwa na la pili likashindikana, nambari ni 403. Hapa kurudia ombi kwa hati ileile hakufai kitu. Huenda tokeni ilitolewa kwa kusoma tu. Basi katibu hana budi kutoa idhini upya, safari hii ikijumuisha kuandika. Au huenda katibu mwenyewe hakupewa na mwenye kalenda uwezo wa kuandika, na programu haiwezi kumzidi aliyeituma. Katika hali hiyo mwenye kalenda ndiye wa kumwongezea, naye amwongezee uwezo wa kubadili matukio tu, si wa kugawa kalenda kwa wengine. Tena, kalenda ya Google huitumia 403 pia pale maombi yanapopita kiasi, ambapo dawa ni kusubiri; hivyo yafaa maelezo yanayofuata nambari yasomwe hadi mwisho.

Iko na nambari 404, ambayo kwa kawaida hueleweka kuwa kitu hakipo. Lakini kanuni zinairuhusu seva kuitumia ili kumficha asiyeruhusiwa hata habari kwamba kitu kipo.

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko ni lugha. Neno la Kiingereza lililoambatishwa na 401 lina maana ya “pasipo idhini”, ilhali kosa lenyewe ni la kutotambulika. Mfasiri anayelifuata neno hilo huandika “Hakuna ruhusa” kwa 401 na kwa 403 pia, na maradhi mawili yenye dawa mbili yakapata jina moja.

Kiswahili hakilazimiki kuurithi upungufu huo. Kwa 401 lafaa “Hujatambulika”: kiambishi -ja- kinaonyesha kwamba jambo halijatimia lakini laweza kutimia, nayo ndiyo hali halisi. Kwa 403 lafaa “Huruhusiwi”: aliyeomba anajulikana, naye amekataliwa, wala kurudia hodi hakutabadili jibu. Kwa 404 “Haionekani” ni bora kuliko “Haipo”, kwani kitu kisichoonekana chaweza kuwapo.

Uchaguzi huo si pambo la sarufi. Katibu aliyesoma “Hujatambulika” angeingia upya kwa dakika chache, na wachuuzi wasingeikosa jumwa.