Ubelgiji: Kazi zinazowachosha mafundi wa dantele

Watalii wanaotembelea mji wa Brugge, kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji, huona dantele nyeupe zimepangwa kwenye vioo vya maduka. Wasichokiona ni kazi ya kuchosha inayotangulia kufuma, na ile inayofuata.

Dantele hiyo haifumwi kwa sindano wala kwa kroshe. Fundi hutumia vijiti vidogo vya mbao vilivyozungushiwa uzi, juu ya mto mgumu. Mikono hufanya mambo mawili tu: kupishanisha nyuzi na kuzisokota. Kisha pini huchomekwa ili kushika umbo.

Lakini kwanza mchoro hutobolewa kwenye karatasi ngumu, tundu kwa tundu, kwani kila tundu ni mahali pa pini. Tundu likihama kidogo, ua litapinda. Halafu vijiti hujazwa uzi, kimoja kimoja. Kazi ndogo huhitaji jozi chache, lakini dantele ya Binche, mji wa kusini mwa nchi hiyo, inaweza kudai vijiti zaidi ya mia moja. Masaa hupita kabla ya kuanza kufuma.

Kinachokatisha tamaa zaidi ni kosa. Nyuzi mbili zikipishana vibaya, huenda fundi akagundua baada ya mistari kadhaa. Hapo hulazimika kung'oa pini na kufumua hatua kwa hatua hadi mahali alipokosea.

Mwishoni, kazi ya duara huunganishwa na mwanzo wake, mafundo hufungwa na mikia ya uzi hufichwa. Mkasi ukiteleza, kazi ya wiki nzima inaharibika.

Leo wengi hufuma kwa kujifurahisha. Zamani ilikuwa riziki. Katika miaka ya 1840, biashara ya kitani ilipoanguka na viazi kuoza mashambani, njaa iliikumba Flandre. Shule za dantele, nyingi zikiongozwa na masista, ziliongezeka, na wasichana wadogo waliinama juu ya mto kutwa nzima. Usiku, mwanga wa mshumaa ulipitishwa kwenye chupa za maji ili uangaze kazi. Macho na migongo viliumia, huku malipo yakibaki madogo. Mashine, zilizobuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, zilishusha bei zaidi.

Ufundi huo haujafa. Kituo cha Kantcentrum mjini Brugge bado kinaufundisha. Nchini Slovenia, shule ya Idrija inaendelea tangu 1876, na mwaka 2018 UNESCO iliweka ufumaji wa dantele wa nchi hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Dantele nyingi za bei nafuu zinazoshonwa kwenye nguo za harusi hutoka mashineni. Ile ya mkono ni ghali, na sehemu ya bei hiyo hulipia masaa ya kutoboa, kuzungusha uzi na kufumua, ambayo mnunuzi hayaoni.