Namna farasi anavyofundishwa kuruka

Wandugu, wengi wetu tulizani farasi anaruka kwa kupigwa fimbo tu. Hapana. Mwalimu anaanza na miti iliyolazwa chini. Farasi anapita juu yake pole pole, kisha wanaiinua kidogo kidogo. Mutu aliye juu naye anafundishwa: farasi akiruka, anainama mbele na kulegeza kamba. Zamani walikuwa wanaegemea nyuma na kukaza kamba, farasi anaumia kinywa na mugongo, mpaka Muitalia Caprilli (alikufa 1907) alipogeuza desturi ile.

Kule Chile, tarehe 5/2/1949, kapiteni Larraguibel na farasi Huaso walijaribu mara mbili, wakashindwa. Mara ya tatu, metri 2,47, wakapita! Mpaka leo hakuna aliyezidisha kipimo kile.