Noti za Darasani

Katika baadhi ya shule za msingi za Marekani, mwalimu huligeuza darasa kuwa mji mdogo wenye sarafu yake. Kila mtoto hupewa kazi, kama kufuta ubao au kugawa vitabu, na hulipwa mshahara wa noti za karatasi. Kwa noti hizo hulipia kodi ya dawati lake. Akipiga kelele hutozwa faini, na akiweka akiba hununua penseli au kitabu katika mnada wa darasa.

Mpango huu una faida: unamfunza mtoto kupanga matumizi kabla hajashika shilingi ya kweli. Mzazi atakayeuleta nyumbani, au ustadhi madrasani, auondolee tu riba juu ya akiba na tikiti za bahati nasibu, ambazo baadhi ya walimu huzitia.

Shaka yetu iko kwingine. Mwaka 1973, Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye hamu yao ilipungua. Waliopewa cheti hicho hicho bila ya kuahidiwa hawakupungukiwa.

Basi aliyefagia ukumbi na apewe noti yake. Lakini kumwamkia bibi, kusema kweli na kusimama kwa sala, mambo hayo yasitiwe bei. Kwa hayo tumpe mtoto dua, na pengine kipande cha halua asichokitarajia.