Saa Tatu Asubuhi, Hata Jumapili

Kibanda cha hali ya hewa kilifika kwenye pikapu kikiwa kimeshapakwa rangi nyeupe. Tulichimba mashimo manne nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, mbali na mwembe na mbali na ukuta, tukakisimika usawa wa kifua. Ndani mlikuwa na vipimajoto vya kuonyesha joto la juu na la chini kabisa la siku, na vingine viwili vilivyosimama bega kwa bega, kimoja kikiwa kimevishwa utambi uliozama kwenye kikopo cha maji. Hatua chache pembeni tuliweka kipimamvua cha shaba. Sisi walimu wawili wa Jiografia tulikuwa tumeshahudhuria semina ya siku tatu mjini, tukarudi na vyeti na daftari kubwa la kumbukumbu. Siku ya makabidhiano wanafunzi waliimba, mgeni rasmi akafungua mlango wa kibanda, picha zikapigwa.

Hiyo ilikuwa Machi. Ilipofika Desemba, daftari lilikuwa limejaa vizuri mpaka siku ambayo shule ilifungwa. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa tupu hadi katikati ya Januari.

Anayeifahamu Dodoma au Singida ataona mara moja kilichopotea. Kule, kama kwetu, mvua ni ya msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, ikaisha Aprili. Mkulima wa mtama au alizeti anataka kujua mvua ya kwanza ya kupandia ilinyesha lini, na baada yake jua lilichoma siku ngapi kabla ya mvua ya pili. Wiki hizo ndizo za likizo ndefu, mwalimu yuko kwao, na lango la shule limefungwa. Tulipima kwa uaminifu kiangazi chote, Juni hadi Oktoba, tukiandika sifuri chini ya sifuri. Mbingu zilipofunguka hatukuwepo.

Sisimulii kisa cha uzembe. Hakuna aliyezembea. Vipimo vya hali ya hewa husomwa kila siku saa ile ile, na kwetu ni saa tatu asubuhi. Mvua haijui Jumapili wala Krismasi. Mpango wa mradi uliotuletea vifaa hivi ulikuwa na fungu la kibanda, la usafiri, la semina na la bango la getini, lakini hakuna mahali palipouliza nani atakuwa shuleni tarehe 26 Desemba. Swali hilo moja lilikuwa zito kuliko mafungu yote, na ni mtu anayeishi karibu na shule tu ambaye angelikumbuka.

Halafu kuna vitu vidogo. Utambi ukichakaa au kikopo kikikauka, kipimajoto cha maji kinasoma sawa na cha kavu, na mwanafunzi anaandika kwamba hewa imejaa unyevu asilimia mia, katikati ya Agosti. Mwaka wa kwanza silinda ya kioo ya kupimia mvua ilianguka ikavunjika. Silinda ile huwa imechorwa mistari kulingana na upana wa mdomo wa kipimamvua chake, huwezi kuchukua nyingine yoyote ukasoma. Nilimwomba mwalimu wa Kemia silinda ya maabara, nikaingia nayo kidato cha pili, tukakaa kipindi kizima kutafuta eneo la duara. Mdomo wa kipimamvua chetu ulikuwa na kipenyo cha milimita 127. Tukakokotoa, tukakuta kwamba mililita 127 za maji ndani yake ni kama milimita 10 za mvua. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono kabla ya hapo, akasema: “Kumbe milimita ya mvua ni kimo cha maji, siyo wingi wake.” Nimefundisha somo hilo mara nyingi kwa chaki, na halijawahi kuingia kama siku ile silinda ilipovunjika.

Mwalimu wa Jiografia huambiwa kuwa yeye ni wa sanaa. Nafasi za ajira na semina zikitangazwa, hisabati na sayansi hutajwa kwanza, na sababu zake zinaeleweka. Lakini mwanafunzi akifika kidato cha tano anakuta Jiografia imeunganishwa na Fizikia na Hisabati kwenye PGM, na Kemia na Baiolojia kwenye CBG. Kenya nako, mradi mkubwa wa kuwaendeleza walimu kazini ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani ulijengwa kwa ajili ya hisabati na sayansi. Somo letu lina vifaa vya maabara bila kuwa na maabara, na naona ni hapo mipango mingi inapolipita.

Mfano wangu ni ramani. Swali la kusoma ramani halikosekani kwenye mtihani wa kidato cha nne: mwanafunzi anapewa kipande cha ramani ya uwiano wa 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja, apime barabara, asome kontua, aeleze makazi yamekaaje na kwa nini. Ramani nyingi za aina hiyo zilianza kuchorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege chini ya shirika la upimaji la Waingereza lililoundwa 1946, na leo ziko mikononi mwa idara yetu ya upimaji na ramani. Karatasi halisi ina rangi: mto ni wa buluu, kontua ni za kahawia, msitu ni wa kijani. Inayofika darasani ni kopi ya kopi. Mto, kontua na njia ya miguu vyote ni mistari ya kijivu. Nimemwona kijana mwenye akili akifuata kontua akidhani ni mto, akaandika kwamba mto unazunguka kilima na kurudi ulipoanzia. Kosa halikuwa lake. Nilinunua boksi la penseli za rangi, nikawa napaka nakala arobaini usiku, mto baada ya mto, mpaka mwanangu akaanza kunisaidia.

Wakati huo huo Dar es Salaam kulikuwa na ramani mpya kabisa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walikuwa wameshapita Tandale na vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowashirikisha tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH), Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wanafunzi wa vyuo, ukachora kata zinazofurika maji: mifereji, vichochoro, vyoo, madaraja ya mbao. Walitembea na wajumbe wa mashina kuchora mipaka ambayo haikuwa kwenye karatasi yoyote, ilikuwa kichwani mwa mjumbe. Hiyo ni Jiografia yenyewe, tena bora. Kazi ilichorwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako yeyote mwenye simu anaweza kuifungua na kuchapisha mtaa wake bila kulipia ramani.

Lakini mradi ule ulikusudia mafuriko, na wenzake wa kazi walikuwa vyuo na serikali za mitaa. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa anafundisha mita mia tatu kutoka Mto Msimbazi angeweza kusikia habari zake kwenye redio tu. Nasema hivi bila kuwalaumu waliouendesha, maana walifanya walichoahidi. Ninachosikitikia ni kwamba hatukuwa na mlango wa kugonga, na wao hawakuwa na sababu ya kutufuata.

Mlango upo sasa, angalau kwenye karatasi. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunayoyaita MEWAKA, yameuacha utaratibu wa kuwatoa watu kwenda semina mjini. Walimu wanakutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, au kwenye kituo cha walimu cha kata, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli mtandaoni. Naupenda mwelekeo huu. Ugumu wake ni hesabu ya watu: shule yenye mwalimu mmoja wa Jiografia haina jumuiya ya Jiografia. Kinachofanya kazi, kwa nilivyoona, ni walimu wa shule nne au tano za jirani kupangiana Jumamosi moja ya mwezi na kila mmoja kuja na kitu kilichomshinda. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limejaa mitihani ya mikoa na majibu yake mpaka mwenzetu alipotuma picha ya korongo nyuma ya shule yake, akauliza limekula mita ngapi tangu mwaka jana. Wiki ile tulijibizana kama tuko chuoni.

Wapo waliojaribu kuliondoa tatizo la Jumapili kwa mashine. TAHMO, mpango ulioasisiwa na Nick van de Giesen wa chuo kikuu cha Delft na John Selker wa chuo kikuu cha Oregon State, uliwaza vituo 20,000 barani Afrika, kimoja kila kilomita 30 hivi, vingi vikiwa mashuleni, kwa kuwa shuleni pana ulinzi na pana watoto wa kufundishwa. Kituo chao hakina kifaa kinachozunguka, kina laini ya simu na kinajitumia taarifa chenyewe. Vilivyosimikwa mpaka sasa ni mamia, Kenya, Uganda na Ghana zikiwa na nafasi kubwa. Hata hivyo ndege hutua juu ya kituo na buibui hutanda ndani, na mti uliopandwa siku ya mazingira hukua ukakiziba. Bado anatakiwa mtu wa kutazama. Na mwalimu asipoonyeshwa namna ya kuzifungua takwimu zile, mvua ya uwanjani kwake inakwenda mbali na kurudi kama habari ya watu wengine.

Mwaka wa pili nilikwenda kwa mlinzi wa shule. Alikuwa mzee wa darasa la saba aliyekuwa akiishi ndani ya uzio, Krismasi na Idi. “Shikamoo mzee,” nikamwambia, “nina kazi ya kukuomba.” Nilimfundisha jioni nne: kumimina, kuweka silinda mahali palipo sawa, kuinama mpaka jicho lilingane na maji. Mkuu wa shule alikubali kumwongezea kidogo, nami nikampa funguo, kalamu na daftari.

Niliporudi Januari alinisubiri getini nalo chini ya kwapa. Hakuwa ameruka siku. Kabla hata hatujaulizana habari za likizo akaniuliza: “Mwalimu, mvua ikianza usiku wa Jumamosi, mimi nikaipima Jumapili saa tatu, ni ya siku gani?” Nikafungua daftari. Pembeni ya tarakimu zake, kwa herufi ndogo zilizobanana, alikuwa ameshaanza kuandika mwenyewe: usiku, alfajiri, usiku, usiku.